Ulishusha gari, matairi yakawaje? Tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Vijana wengi wanashusha magari, yaani kuyafunga springi fupi yakae karibu na ardhi, na mazungumzo yote ni springi na rimu. Alaimenti, yaani kupima na kurekebisha magurudumu yakae na kuelekea sawasawa, haitajwi kabisa. Naanza mimi.

Mark X yangu nimeifunga springi fupi nilizonunua mtaa wa Gerezani, Dar. Matairi ya nyuma ukiyatazama kwa nje, kashata zote (vile vipande vinavyokanyaga barabara) zipo. Siku ya kubadilisha brekipedi gari likapandishwa jeki, upande wa ndani waya zimeshatokea. Ukisimama pembeni ya gari huoni kitu, mpaka uiname na kupitisha mkono kwa ndani. Hilo linanitisha, maana tairi la hivyo hupasukia barabara kuu ukiwa mwendo mkali. Mlioshusha, mlirekebisha nini?

*Mwenye Impreza, Nairobi*
Pole sana. Watu hulaumu kemba, yaani gurudumu kulalia ndani kwa juu. Ni kweli gari ikishuka kemba inaongezeka, lakini yangu iko karibu nyuzi 2 hasi na tairi inadumu vizuri. Muuaji ni too, magurudumu yakiwa hayaelekei mbele sawasawa, kwa sababu tairi inaburutwa kiubavu muda wote unaoendesha. Pitisha kiganja juu ya tairi kwenda ndani, kisha urudi nje. Ikiwa njia moja ni laini na nyingine inakwaruza kama msumeno, hiyo ni too. Na wenye Subaru kama yangu, ile boliti ya juu kati ya mbili zinazoshika chini ya shokapu ya mbele imetengenezwa kurekebisha kemba. Makanika asikwambie haiwezekani.

*Mwenye IST, Arusha*
Mimi niliambiwa nyuma hakuna cha kugusa, na ni kweli, ekseli ya nyuma ya IST ni kipande kimoja. Mbele kinachorekebishwa ni too tu, kwenye tairodi, ile fimbo ya stering inayogeuza gurudumu. Nilifanya alaimenti siku ileile springi zilipofungwa. Wiki chache baadaye stering ikaanza kuvuta kushoto. Springi mpya huendelea kukaa chini kidogo kidogo, kwa hiyo kipimo cha siku ya kwanza hakidumu. Niliporudia, imetulia mpaka leo.

*Fundi, Mwanza*
Niongezee jambo ambalo mafundi wenzangu wengi wanaliruka. Boliti za amu (vyuma vinavyoshika gurudumu kwenye gari) zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, bushi, yaani mipira ya kwenye maungio yake, zinabaki zimejipinda gari likishuka chini. Zinachanika mapema, na alaimenti inaondoka nazo. Unazishikiza boliti kwanza bila kuzikaza, unashusha gari likae kwa uzito wake, ndipo unakaza.

Springi za kukata kwa grainda au moto siwafungii watu. Ukipita tuta gurudumu linaning'inia, springi inacheza kwenye kikombe chake. Hapo mashine yoyote ya alaimenti itakudanganya.

Mkuu wa Mark X, nyuma kwako kuna amu nyingi, kila moja na bushi zake. Zikague zote kabla hujauziwa amu za kurekebisha, bei yake si mchezo. Jaza upepo sawa, kisha dai kipimo cha magurudumu yote manne, maana wengi hupima mbele tu. Karatasi ya kabla na baada ukiipata iweke hapa, nikusomee namba za nyuma.