DAKIKA YA 78! Mutu anazima grupu, mashini ya umeme, DAKIKA YA 78 ya fainali ya Kombe la Dunia, Argentina na Ufaransa!!!

ChukuduBilaFreni, Goma

Sitaki salamu na musinipatie pole. Munamujua, ule patroni wa nyumba ya kuonyesha mupira. Sitaji jina juu nikitaja atasema namuharibia kazi, lakini kila mutu mwenye alishaangalia mupira huku kartie ya Birere anamujua, ule wa kofia ya sufu hata jua likiwaka, mwenye anahesabiaka batu ku mulango sawa mwalimu wa watoto wadogo na akimaliza anahesabu tena juu pengine mumoja alizaliwa ndani. Yeye. Leo tarehe 18 desemba 2022, siku ya Mungu, amezima grupu. Dakika ya 78.

Nilipe 1000 franka, siku zingine ni 300 lakini akasema fainali ni fainali, sawa, nikalipa, nikaongeza 500 ya benchi ya mbele juu ku benchi ya nyuma unaangaliaka shingo za batu. Mechi ni saa kumi na moja, miye saa nane niko ndani. Saa nane!! Sikukojoa, nasema kweli, niliogopa nitarudi nikute mutu kwa fasi yangu.

Ufaransa, nakubali, kipindi ya kwanza walicheza sawa batu wenye wametoka kwa matanga. Dembélé akamuangusha Di María, penalti, Messi moja, kisha Di María mwenyewe mbili, kocha Deschamps akamutoa Giroud na Dembélé mbele hata ya mapumziko, na saa nzima ikapita hawajapiga hata shuti moja. Hapo sina maneno. Lakini hawa ni watoto yetu! Kolo Muani wazazi Bakongomani, Camavinga wazazi Bakongomani, Disasi vilevile, na Mandanda kule ku benchi amezaliwa Kinshasa kabisa. Na hii mwaka vile tumeiishi, batu ya Rutshuru wenye walikimbia vita wanalala ku kambi ya Kanyaruchinya chini ya mabashi, mvua inawanyeshea, miye nilitaka masaa mbili tu ya kufikiri kintu ingine. Mbili.

Sasa sikia. Dakika ya 78. Anaamuka ku kiti yake, anaangalia tele, anaangalia bidoni ya esansi, mafuta ya grupu, anaangalia tele tena. Nikamuona. Nikajua. Unajua vile mbuzi inaangaliaka mutu mwenye ananoa kisu? Njo miye. Akasema, "Haya, imeisha hiyo, Argentina amebeba, murudie kwenu mukalale." Akatoka inje. Tukasikia: tukutukutukutuku... tuku... tuku... tu.

Giza. Na giza ya Goma munaijua, na haya mawe meusi ya volkano yetu, mukono yako yenyewe hauioni.

Na mu ile giza, mutu hajatukana bado, tukasikia ku ngambo ya barabara: GOOOOOOOO!

Tukamukimbilia. Washa! Anasema "si mulisema imeisha?" SIYE tulisema??? Akaanza kuvuta kamba. Mara ya kwanza hapana. Ya pili hapana. Anapangusa mikono, polepole, anafungua kifuniko anachungulia sawa daktari. Mara ya tatu anavuta njo tunasikia tena GOOOOOOOO, na hii ilikuwa kubwa kuliko ile, mpaka mbwa zote za kartie zikaanza kulia. Sekunde 97 kati ya goli na goli. Tisini na saba! Ule mutu kurudisha baki ya 200 anakamataka muda zaidi ya hiyo!

Banasema ya pili ilikuwa voli. Banasema Coman alimunyanganya Messi, Rabiot akainua, Mbappé akapiga kichwa kwa Thuram, Thuram akarudisha, na mupira haujagusa chini kijana akaipasua. Banasema! Miye niliona nini? Siku nitapata wajukuu wataniuliza babu uliona ile goli ya uwanja wa Lusail kule Qatar, nitabajibu niliisikia kupitia ukuta ya mbao.

Grupu ikawaka. Dekoda ikaanza kutafuta satelaiti. 12... 12... 12... 40... inarudi 12. Nikatoka mbio mpaka ku saluni ya kunyoa ya pembeni, nyongeza yote nimeiangalia ku dirisha katikati ya sikio ya mutu na bega ya mwingine. Goli ya Messi ya dakika 108 sikuiona, sikio ilihama. Kolo Muani dakika za mwisho kabisa, peke yake na Martínez, kipa wa Argentina, niliona mguu tu. Mguu ya Martínez. Hiyo mguu nitazikwa nayo. Lakini si hiyo shida. Shida ni DAKIKA YA 78, mutu anaangalia bidoni, anaangalia tele, anaangalia bidoni.

Hiyo ni mutu anaweza kufunga kilio mbele maiti ifike juu ya kuokoa mafuta ya taa. Angekuwa na funguo ya jua angezima saa sita ya muchana, anasema mumeshaona ya kutosha.

Nataka 1500 yangu.

MotariWaKatindo

hhhhhhhh "pengine mumoja alizaliwa ndani" nimekufa miye 😂😂 bahati nilikuwa na kliyenti wa Himbi hiyo saa, sikuingia pale

KivuBoy

Ni ule wa kofia?

MutotoWaMajengo

Ni yeye. Nani tena? 2018 fainali na Kroatia alitulipisha mara mbili, anasema kipindi ya pili ni mechi ingine.

KivuBoy

Ni yeye kabisa

BenchiYaNyuma

Chukudu ndugu yangu sema yote. Miye ni ule mwenye alikuwa nyuma yako naangalia shingo yako kwa 1000 franka. Nani aliamuka dakika ya 75 akavaa jaketi? Nani alisema na sauti kubwa "zima tu patroni, hii ni aibu, zima tukalale"? Ni miye? Ni Deschamps?

ChukuduBilaFreni

Nilisema kwa uchungu!! Mutu akilia anasema "Mungu nikamate tu", unaenda unamuchimbia shimo??

BenchiYaNyuma

Ulirudilia mara tatu.

ChukuduBilaFreni

UCHUNGU MARA TATU

MutotoWaMajengo

Kwa hiyo ule muzee aliitika tu ombi ya kliyenti hhhhh uzi ubadilishwe jina

MessiWaNdosho

Munachelewesha batu. Penalti 4 kwa 2. Coman, Martínez akatoa. Tchouaméni akapiga inje. Dybala ndani, Paredes ndani, Montiel ndani, kwisha. Hata grupu ingewaka mpaka Krismasi kombe ingeenda kwa mwenyewe.

ChukuduBilaFreni

Montiel gani, ule mwenye alishika mupira na mukono Ufaransa ikapata penalti ya tatu tatu?

MessiWaNdosho

Huyo huyo. Na njo yeye alifunga mulango. Utamu ulioje.

ChukuduBilaFreni

Mbappé amefunga tatu mu fainali ya Kombe la Dunia, tangu Hurst wa Uingereza 1966 hakuna mutu alifanya, na mu hizo tatu mbili SIKUZIONA. Mbili!

MessiWaNdosho

Ya tatu uliona?

ChukuduBilaFreni

Ya tatu niliona. Sikio ilikuwa imetulia.

MamaMandazi_Birere

Sasa miye nisikie. Muko munalia goli, nani atalilia beseni yangu? Niliingia na mandazi 60, nikauzisha mpaka mapumziko, zikabaki 22 mu beseni nimefunika na kitambaa, nimeweka chini ya benchi. Grupu ikazima. Muliwasha, naangalia, kitambaa iko, mandazi iko 8. Nani alikula mandazi 14 mu giza? Na alifunika tena! Mwizi mwenye adabu.

KivuBoy

"Mwizi mwenye adabu" 😭😭😭

MutotoWaMajengo

Mama pole sana. Lakini kumi na nne mu sekunde 97??

MamaMandazi_Birere

Haikuwa sekunde 97, mukubwa alivuta kamba mpaka tukasahau sura zetu. Na haikuwa mutu mumoja.

MuBukavu_wa_Kadutu

Ninyi Goma munajua kulia. Huku kwetu umeme ilikuwa, dekoda ilikuwa, lakini jirani iko na redio. Redio inafikaka mbele ya tele. Mbappé hajaweka hata mupira chini ya penalti, jirani alisharuka. Kolo Muani anakimbilia Martínez, tumesimama wote, roho iko ku shingo, jirani anasema ku ukuta "yooo ametoa". Ametoa nini!? Siye mupira ingali hewani! Fainali nzima nimeiangalia sawa mutu mwenye alishasoma barua ya mwingine. Heri giza.

ChukuduBilaFreni

Heri giza?? Njoo tubadilishane, nikupe patroni wangu unipe redio

MuBukavu_wa_Kadutu

Jirani nakupa na bibi yake, na redio, na ile jogoo yake ya saa tisa ya usiku.

LushoisWaKamalondo

Bandugu ba Goma jambo yenu. Muko mu tarehe 18 desemba na munaongea sawa hii tarehe ni yenu. Huku Lubumbashi hii tarehe tulishaizika. 18 desemba 2010, Abu Dhabi, fainali ya dunia ya bilabu, TP Mazembe yetu na Inter ya Italia. Timu ya kwanza ya Afrika kufika pale, tulitoka kuwapiga Internacional ba Brazili 2-0, kipa wetu Kidiaba anaruka na makalio, muji yote inaruka na makalio, bamama, bamapolisi, mpaka pastori. Tunafika fainali. Dakika ya 13 Pandev wa Inter anafunga. Dakika ya 17 Eto'o. MUAFRIKA MWENZETU! Kisha Biabiany anakuja kufunga ya tatu dakika za mwisho, sawa mutu anapangusa meza. Na siye umeme ilikuwa. Tele ilikuwa. Tuliona YOTE. Ningepata mutu wa kuzima grupu ile siku ningemulipa miye.

BenchiYaNyuma

Huyu njo ana haki.

MutotoWaMajengo

Patroni wetu atumwe Lubumbashi

LushoisWaKamalondo

Aje. Tutamupatia na nyumba.

Muzee_wa_74

Watoto, muko munaita hii fainali? 1974 Cairo, fainali ya Kombe la Afrika, Zaire (njo Kongo yetu ya leo) na Zambia. 2-2, Zambia wanasawazisha mu dakika ya mwisho kabisa ya nyongeza, mutu alishaanza kucheza ndombolo ya enzi yake anabaki na mukono juu. Wakati ule haikuwa penalti, walirudilia mechi kisha siku mbili. Siku mbili bila kulala! Ndaye Mulamba wetu akafunga zote mbili za kwanza na zote mbili za marudio, kombe ikaja nyumbani, magoli 9 mu kombe moja ya Afrika na mpaka leo hakuna mwenye amefika. Tulisikilizia ku redio moja, nyumba saba.

MuBukavu_wa_Kadutu

Muzee sitaki kusikia neno redio mu hii uzi.

KivuBoy

Muzee ule wa kofia alikuwa tayari anazima mu 74?

Muzee_wa_74

Baba yake. Alitoa mabatri.

ChukuduBilaFreni

MUNAONA!!! Ni ya damu! Narudilia, anaangalia bidoni, anaangalia tele...

MutotoWaMajengo

...anaangalia bidoni, tunajua Chukudu. Tukutuku tu.

MamaMandazi_Birere

Mandazi kumi na nne. Mia mia. Hiyo ni 1400 franka, karibu sawa na yako weye wa benchi ya mbele, na miye sikusema azime.

BenchiYaNyuma

Mama, miye niko shahidi, benchi ya nyuma hatukufika kwa beseni. Beseni ilikuwa chini ya benchi ya MBELE.

ChukuduBilaFreni

Naona munataka kunitoa mu maneno yangu

MamaMandazi_Birere

Weye ulikuwa unakaa upande gani ya benchi?

ChukuduBilaFreni

Mama miye nilikuwa na njaa ya goli tu, na nilikuwa wa kwanza kutoka inje, uliza batu bote.

KivuBoy

Nimepita pale saa hii. Ameandika na chaki ku mulango: KESHO MARUDIO YA FAINALI. 500 FRANKA. MPAKA MWISHO.

LushoisWaKamalondo

"MPAKA MWISHO" hahahaha huyu bwana ni wa kuheshimu

ChukuduBilaFreni

Aibu!! Hana hata haya! Batu wote musiende! Nani ataenda kumulipa tena huyu mutu? Tumutenge!!

ChukuduBilaFreni

Ni saa ngapi?

BenchiYaNyuma

😂😂😂😂😂😂😂

MutotoWaMajengo

Chukudu kweli haina freni

ChukuduBilaFreni

Nataka kuona voli tu. Nikishaona voli natoka.

MessiWaNdosho

Vaa jaketi mapema.

MamaMandazi_Birere

Kesho nitakuwa ku mulango. Franka mbele, mandazi nyuma. Na beseni nitaikalia miye mwenyewe.

MotariWaKatindo

Sawa mama, weka nyingi, na usisahau iliki sawa zile za leo, zilitoka tamu kabisa

MamaMandazi_Birere

Motari. Kliyenti wa Himbi alikuonjesha mandazi yangu?