Kuziba plasta ya ndani: mwanafunzi aanze na simiti, jipsamu au filla?

Mpangaji_Umoja
Wakuu, nataka kujifunza kurekebisha plasta bila kuita fundi kila mara. Kuta ni za mawe. Kuna nyufa nyembamba juu ya mlango, shimo la ukubwa wa kiganja palipong'olewa soketi, na pembeni mwa bafu plasta imevimba na kutoa unga mweupe. Dukani kuna simiti, poda ya jipsamu na filla ya kopo (uji mzito wa kuzibia nyufa). Nianze na ipi?

MwikoNaUbao
Hapo una kazi tatu tofauti, usizitibu kwa dawa moja.

Shimo ni la simiti. Gonga kingo kwa mpini wa mwiko. Panapolia kama debe tupu, bomoa mpaka ufikie pagumu. Kingo zikate wima. Ukiacha mteremko, simiti huishia nyembamba kama karatasi, hukauka kabla haijashika, na hapo ndipo itabanduka. Futa vumbi, lowesha jiwe vizuri. Mawe yetu haya hunyonya maji sana, na ukuta mkavu utaiba maji ya mchanganyiko wako.

Kopo 1 la simiti ya 32.5 (daraja la nguvu lililoandikwa kwenye mfuko), makopo 4 ya mchanga wa mto uliochekechwa. Changanya kavu hadi rangi iwe moja, ndipo utie maji kidogo kidogo. Finyanga bonge kiganjani: likibaki na umbo bila maji kupenya vidoleni, liko sawa. Shimo likizidi kina cha milimita 15, paka tabaka mbili; la kwanza likwaruze kwa msumari, la pili lingoje kesho. Kisha nyunyizia maji asubuhi na jioni, siku tatu kwa uchache.

Mkono_Mwepesi
Kujifunza mkono, mimi nasema jipsamu. Inateleza, na ukuta unatoka laini mara moja. Ila mwanafunzi hushindwa na saa: poda nyingi huanza kushika ndani ya dakika 20 hadi 30. Changanya kilo moja tu. Poda iingie kwenye maji, si maji kwenye poda, la sivyo utapata madonge. Na ndoo ioshwe kila mara, maana mabaki ya jipsamu iliyoshika huharakisha mchanganyiko mpya. Ikianza kukaza usiongeze maji, itupe.

DadaRangi
Mmesahau rangi. Simiti mbichi ina alkali inayoharibu rangi, ingoje kama siku 28, na baridi ya Julai hapa Nairobi huchelewesha kukauka. Jipsamu iliyopakwa nyembamba unaweza kuipaka rangi mapema zaidi, mradi imekauka na kuwa nyeupe kote. Rangi ya kwanza izimuliwe maji.

Filla iache kwa nyufa. Panua ufa kwa ncha ya kisu uwe kama V, upana wa milimita 5, piga brashi, lowesha kidogo, kandamiza filla ndani, iache ivimbe kidogo juu ya ukuta kwa sababu itasinyaa. Msasa kesho yake. Kama ufa wa juu ya mlango unafuata mstari wa linta (boriti iliyo juu ya mlango), utarudi tu; bandika utepe wa wavu kabla ya kumalizia.

MwikoNaUbao
Na pale bafuni msiguse mwiko kwanza. Unga mweupe ni chumvi inayoletwa na maji. Bandika karatasi ya nailoni ya sentimita 30 kila upande, ziba kingo kwa selotepu, acha saa 24. Matone yakiwa upande wa ukuta, maji yanatoka ndani: tafuta bomba au vigae vinavyovuja. Jipsamu hapo italainika kama chaki. Wala usipake simiti juu ya jipsamu, hizo mbili zikikutana na unyevu hupasuana.

Mkono_Mwepesi
Kwa bafu nakubali, jipsamu haifai.

Mpangaji_Umoja
Asanteni. Mkono nitaufanyia vipi mazoezi bila kuharibu ukuta?

MwikoNaUbao
Kwa mazoezi changanya chokaa 1, mchanga 3, bila simiti. Haishiki upesi, kwa hiyo unapaka, unakwangua, unarudisha kwenye karai na kupaka tena. Vaa glavu na miwani, chokaa huchoma ngozi na macho.