Naomba ushauri: flashi ya simu inaniharibia picha za usiku

Ndugu wapenda picha, salaam.

Kila nipigapo picha ndani ya nyumba usiku kwa flashi ya simu, aliye umbali wa mita 1 hutoka paji la uso likimeremeta kana kwamba limepakwa mafuta, ilhali waliosimama mita 3 nyuma yake humezwa na giza. Nilifunika flashi kwa karatasi nyembamba nyeupe, mng'ao ukapungua lakini giza likabaki palepale. Nilipoizima na kutumia hali ya usiku ya kamera, ambayo hukusanya mwanga kwa muda mrefu zaidi, ukuta ulitoka safi, ila mwanangu, ambaye hatulii hata sekunde 1, akawa ukungu mtupu.

Je, niwashe taa zote za chumbani pamoja na flashi, au niachane nayo kabisa? Na mchana, mtu akiligeuzia dirisha mgongo, flashi hiyo ndogo husaidia kweli?

Natanguliza shukrani.