Hivi Juma ni jina au ratiba ya kuoga? Nimedhalilishwa leo wakuu

Wakuu habari za muda huu, zangu mbaya.

Yule dada wa dirisha namba 3 mnamjua, msijifanye hamumjui, yule wa kucha ndefu anayebonyeza kibodi kwa kidole kimoja kama kuku anadonoa mahindi. Nimekaa benchi toka saa 2 asubuhi, nimekaa mpaka ndevu zimeota, ndo anaita "JUMA!" tukasimama wanne. Mzee mmoja, dogo wa boda na helmeti kichwani, mimi, na mama mmoja ambae kumbe ni Mwajuma kasikia nusu. Juma yupi? Nikasema Juma Juma, maana na mzee wangu ni Juma, sasa hapo kosa langu nini? Akainua macho taratiiibu, sauti ya taarifa ya habari: "Hilo jina au ratiba ya kuoga, juma kwa juma?"

BENCHI ZIMA. Mlinzi kacheka mpaka kirungu kimemdondoka. Mtoto mchanga mgongoni kwa mtu kacheka. Ratiba ya kuoga! Mbele ya Mwajuma!

Nchi hii unamchekaje Juma? Siku tano kati ya saba zimebeba jina langu, Jumamosi mpaka Jumatano. Tumekuwa na Jaji Mkuu Profesa Juma, kuna aliyemuuliza habari za kuoga? Nyie wote mmejua kutoa kwa machungwa yangu, Juma ana machungwa 12 kampa Asha 5, leo mnanicheka?

Na fomu hajapokea. Kasema "njoo juma lijalo." Mpaka sasa sielewi hapo alikuwa ananijibu au ananitania tena.

Kisamvu_cha_Nazi: Pole mkuu. Ila swali hujajibu.

mpiga debe mstaafu: Uzi wote huu hamna sehemu amesema ameoga 😂

Mleta uzi: NIMEOGA. Saa 11 alfajiri, maji ya baridi!!

Jumanne wa Alhamisi: Shukuru wewe. Mimi Jumanne na nimezaliwa Alhamisi, wazazi walikuwa wanawaza nini sijui.

Bwana Sarufi: Alhamisi yenyewe kwa Kiarabu ni ya tano na Jumatano nayo ni ya tano. Wiki moja tano mbili na tunaenda nayo hivyo hivyo.

dada_shida: Watoto nyie. Mimi naitwa Shida. Nikipiga simu, "Nani?" Shida. "Shida gani tena jamani?" Kwenye sendofu yangu MC kashika maiki kasema leo familia inaaga Shida, ukumbi ukalipuka makofi, mama mkwe kakunja uso.

mpiga debe mstaafu: Mleta uzi kaa pembeni, Shida aendelee

Mnyama Mkali: Juma nchi hii ni mmoja tu, Kaseja, kipa wa Simba. 2003, Cairo, matuta, Zamalek bingwa mtetezi anatolewa kwake.

Kijani Damu: Na Yanga alidaka pia, mbona hilo mnaliruka?

Mnyama Mkali: Alikuja kwenu kupumzika

Kijani Damu: Kupumzika?? Haya ngoja nirudi na data

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. RATIBA YA KUOGA jamani

Mnyama Mkali: Mkuu subiri kidogo, hapa tunajadili penati