Mtoto wa dada yangu katoka kwenye kazi za ndani, haongei ila anaandika. Nisome daftari lake?

MamaMafinga: Kamwene wapendwa. Nina binti wa marehemu dada yangu, miaka 15, alichukuliwa hapa Mafinga akiwa na 9 eti anaenda kusomeshwa Dar, kumbe kafanywa dada wa kazi, shule hakuna, hela hakuna na mlango unafungwa kwa nje. Tumempata mwezi wa tatu kupitia ustawi wa jamii. Kaja anajua a e i o u na jina lake basi. Jioni tukiota moto jikoni mwanangu wa darasa la nne anamfundisha, na kashika haraka jamani, saa hizi anasoma kila kitu, mfuko wa sembe, kalenda ya kanisani, hadi gazeti lililofungiwa maandazi. Ila ukimuuliza kule ilikuwaje anainama tu. Juzi kaniuliza "mamdogo, mshahara inaandikwaje?" nikamwandikia kwenye kiganja, akaenda nayo. Daftari analalia chini ya mto. Kesi iko polisi, natamani nijue walimfanyia nini, je nilisome?

BintiMakete: Usisome dada, nakuomba. Mimi nilitumikishwa toka nina 11, kibegi changu kilipekuliwa kila jioni sikuwa na kitu cha kwangu. Nilipotoka nikajua kuandika, ukurasa wa kwanza nilijaza jina langu tu na la ukoo mpaka chini, maana miaka minne nilikuwa naitwa "we". Mama akalikuta akasema naharibu daftari. Nikalichoma, karibu mwaka mzima sikushika peni. Mnunulie kaunta buku, mwambie ni yako, sisomi mpaka unipe mwenyewe.

MwlTukuyu: Naungana na BintiMakete. Shule bado anayo, MEMKWA (mpango wa elimu ya msingi kwa watoto walioikosa) kundi la pili ni miaka 14 hadi 18, muulize afisa elimu kata, mbele ataweza kufanya QT (mtihani wa maarifa), akifaulu anaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Na Sheria ya Mtoto ya 2009 hairuhusu kumwajiri aliye chini ya miaka 14, huyu alianza na 9, umri peke yake ni kosa tayari. Ukikwama piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Mnyalu_Njombe: Pole sana mama. Na sisi huku tuache kutoa watoto kwa neno "atasomeshwa".

MamaMafinga: Asanteni mno. Nimenunua leo, nimemwambia hivyohivyo, hakujibu kitu. Kakaa kwenye kigoda kaandika jina lake lote kwenye jalada, muda si mrefu ndo kaniuliza: "mamdogo, ya kupeleka polisi naandika kwa peni ya bluu au nyeusi?"