Mjadala: Bakteria wenye saa za vinasaba waruhusiwe kwenye maabara za Mtwara?

Mwanzisha mada, mwalimu wa baiolojia, Mtwara mjini

Wadau wa Kusini, habari za kazi. Mwaka 2018 serikali ilisimamisha majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa vinasaba pale Makutupora, Dodoma. Tangu hapo, ukigusa habari ya vinasaba mbele za watu jibu ni moja: GMO hatutaki. Katazo la shambani lina sababu zake na silipingi. Ninachopinga ni kulivuta hadi ndani ya maabara iliyofungwa, kwa sababu huko ndiko kuna elimu ambayo vijana wetu wanaikosa.

Chukueni saa za bakteria, yaani vinasaba (jeni) vilivyopangwa viwake na kuzima kwa mzunguko ndani ya bakteria. Mwaka 2000, huko Marekani, Michael Elowitz na Stanislas Leibler walipanga jeni tatu ndani ya bakteria aitwaye E. coli zizimane kwa mzunguko: ya kwanza inaizima ya pili, ya pili inaizima ya tatu, ya tatu inarudi kuizima ya kwanza. Chini ya hadubini bakteria akawa anang'aa kijani, anafifia, anang'aa tena. Ila kila mmoja alikwenda na saa yake.

Mwaka 2010 kundi la Jeff Hasty wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, likawaoanisha. Walichukua jeni ya Vibrio fischeri, bakteria wa baharini anayeishi ndani ya ngisi wadogo wa Hawaii na kuwapa mwanga. Jeni hiyo inatengeneza kemikali inayopenya kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Wakiwa wachache, kemikali inapotea bure. Wakijaa, inafika kiwango na wote wanang'aa kwa pamoja. Wakati huohuo inaamka jeni nyingine, iliyotoka kwa Bacillus thuringiensis wa udongoni, ambayo kazi yake ni kuivunja ile kemikali. Ikiisha, wote wanafifia, na mzunguko unaanza upya, takriban kila baada ya saa moja au moja na nusu. Mwaka 2012 kundi hilohilo likatengeneza makundi ya bakteria ambayo mapigo yake yanabadilika maji yakiwa na sumu ya arseniki.

Niliwachorea kidato cha sita mzunguko huo kwa mishale ubaoni. Binti mmoja akauliza: tukiitoa ile jeni ya kuvunja? Kabla sijajibu akasema mwenyewe, "Watawaka tu, hawatazima." Huyo anafikiri kama mhandisi tayari, na hana pa kujaribia. Nawasilisha.

Mkulima wa korosho, Tandahimba

Mwanangu mwalimu, nimekusoma mpaka mwisho. Kijana wangu kasomea ufundi wa maabara, ndiye kanieleza kwamba vinasaba hivyo huingizwa vikiwa kwenye viduara vya DNA, na viduara hivyo kwa kawaida hubeba pia jeni ya usugu wa dawa, ili waliovipokea wajulikane. Bakteria wanaweza kupeana viduara hivyo. Sasa umeme umekatika, mtungi wa mvuke wa kuulia bakteria haujafika nyuzi 121, kijana kachoka, anamwaga chupa kwenye sinki. Nani atawajibika?

Halafu kuna soko. Mwaka huohuo wa 2018 wanunuzi walipotoa bei ya chini tukagoma, hadi serikali ikaamua kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wanajeshi wakaja kubeba korosho. Mnunuzi akisikia GMO na Mtwara kwa pumzi moja, hatauliza kama ni bakteria au ni mkorosho. Atashusha bei.

Mama wa Newala

Huku juu tunakinga maji ya mvua, yakiisha tunanunua kwa dumu. Hayo ya kupima arseniki nayaheshimu, lakini maji yenyewe yaje kwanza.

Mwanzisha mada

Shikamoo mzee. Mama, maji kwanza, sina ubishi hata kidogo, na fedha ya bomba isiguswe kwa ajili ya hadubini.

Mzee, kwenye sinki umepiga penyewe. Naweza kukwambia kwamba E. coli wa maabara, kama wale wa aina iitwayo K-12, wamedhoofika kwa kufugwa miaka mingi, na kwamba saa hiyo ni mzigo, bakteria akipata nafasi huitupa. Yote ni kweli, lakini jeni ya usugu haihitaji bakteria mwenye nguvu ili ihame. Kwa hiyo mtungi wa mvuke uwe na jenereta yake, na kila chupa iliyoteketezwa iandikwe daftarini.

Tena kuna pa kuanzia pasipo na kiumbe hai. Mwaka 2014 kundi la mwanasayansi wa Marekani James Collins lilionyesha kwamba mitambo ya ndani ya seli, ile inayosoma jeni, inaweza kukaushwa kwenye karatasi pamoja na jeni zenyewe. Ukidondosha maji, jeni zinafanya kazi, na hakuna kinachozaliana. Vijana waanze na karatasi. Bakteria hai wafuate baadaye, pengine chini ya watafiti waliozoea nidhamu hiyo, kama wale wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, hapa Mtwara.

Mkulima wa korosho, Tandahimba

Marahaba. Karatasi sina neno nazo, leteni hata kesho. Kwa hao walio hai, kwanza nione imeandikwa nani atalipa mkulima akipata hasara, na kwa fedha ya mfuko gani. Bila hiyo mimi bado napinga.