Tapeli wa kazi za ubodigadi hapa Dodoma leo KANIPIMA SHINGO mbele za watu!!!

Chuma cha Kongwa
Wakuu naandika bado mikono inatetemeka, niko kijiweni hapa Kisasa, chai imepoa sijaigusa. Yule jamaa mnamjua, msijifanye hamumjui, yule wa suti ya bluu na miwani ya jua hata saa mbili usiku, anayejiita kamanda wakati hata mgambo hajapita, anayezunguka na faili lenye nembo ya Taifa aliyochapishiwa sijui stationari gani. Leo kanipima shingo. Narudia, kanipima SHINGO, kwa tepu ya fundi cherehani.

Tangazo lenyewe mmeliona wote kwenye magrupu ya watsapu, eti wanahitajika mabodigadi wa waheshimiwa na wawekezaji, elimu yoyote, uzoefu sio lazima, mshahara milioni mbili na nusu, nyumba na gari juu ya kampuni, nafasi chache wahi. Mimi hii kazi naipenda toka moyoni sio njaa tu, nimepita JKT Makutupora, nimesimama milangoni kwenye kumbi za Area D usiku kucha watu wakinitapikia viatu, huduma ya kwanza nimesoma kwa hela yangu. Nikapiga pasi shati nikaenda.

Usaili unafanyika ukumbi wa lodge, viti vya plastiki, vijana wamejaa mpaka koridoni, kuna waliotoka Manyoni na Mpwapwa kwa nauli ya kukopa. Kaingia kachelewa, katusimamisha mguu sawa na pumzi zimebanwa, kisha anasema mafunzo ni siku tatu, siku ya nne kila mtu anakabidhiwa bastola yake. SIKU TATU!! Mimi kupika ugali usioungua nilijifunza zaidi ya hapo. Watu wanashangilia. Halafu ndo linakuja lenyewe, elfu 85 ya sare, fomu na kitambulisho, itumwe leo leo kwenye namba yake ya mkononi, na ukijaribu kutuma jina linalokuja ni la mwanamke.

Nikanyoosha mkono, kwa heshima zote nikasema samahani kiongozi, kampuni imesajiliwa BRELA kwa jina gani tukaiangalie. Basi. Hilo tu. Ukumbi mzima kimya mpaka unasikia feni.

Hakujibu. Kaingiza mkono mfukoni katoa tepu, kaniita mbele, kanizungushia shingoni, kasoma vipimo kwa sauti msaidizi wake anaandika kwenye daftari, kisha kawageukia watu anasema "hii shingo ya kuku wa kienyeji, risasi ikija hii itamkinga nani?" Watu wamecheka mpaka kiti kimoja kikavunjika na aliyekikalia akaendelea kucheka akiwa chini. Na haijaisha!!! Kabla hajatoa tepu shingoni kwangu ananiambia kwa upole kabisa "lakini tutakusaidia, wewe lipia tu, itanenepa mafunzoni."

ITANENEPA MAFUNZONI. Yaani shingo yangu haifai kulinda mtu ila hela yangu inafaa! Sikulipa hata mia, nimeondoka, lakini nyuma yangu foleni ya kulipa ilikuwa mpaka nje getini na wengine wanajishika shika shingo kujipima. Mliopigwa na huyu mtu njooni hapa, nina hasira za kutosha wote.

Zabibu Tamu
Mbukwenyi. Pole mkuu. Ila weka vipimo tujue tunamtetea mtu wa sentimita ngapi.

Dereva wa Noah
Nimecheka abiria wameniuliza kuna nini. Mleta uzi unajiita CHUMA halafu shingo ya kuku 😂😂

Chuma cha Kongwa
Ndugu zangu hili sio la kucheka. Kuna mtoto wa watu pale ametoka Kondoa ameuza mbuzi alipe hiyo 85. Na mimi nimezungushiwa tepu shingoni na mwanaume mwenzangu mbele ya ukumbi mzima, nikamuona anabana jicho asome namba vizuri. Mnacheka nini?

Mwana wa Chamwino
Huyo mtu namjua sana, mwaka jana alikuwa anauza viwanja Mtumba, kiwanja kimoja watu wanne, tumekutana wote wanne siku ya kuweka mawe. Kumbe sasa hivi kahamia ulinzi.

Baunsa Mstaafu
Dogo pole. Nimefanya hizi kazi miaka mingi, milangoni kwanza, baadae kusindikiza wasanii na wafanyabiashara, acha niseme kidogo kisha niwaache mcheke.

Kwanza hakuna mtu wa mtaani anayeajiri bodigadi wa waziri. Viongozi wa serikali wanalindwa na vyombo vya dola, huko unaingia kwa milango ya dola na matangazo yao ya ajira, haupiti lodge. Ukisikia "waheshimiwa" kwenye tangazo la watsapu funga simu. Pili bastola haigawiwi na daftari la sare, silaha ina leseni chini ya sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya 2015, na kampuni inayoanza kukuahidi bunduki kabla ya kukuuliza rekodi yako polisi, kimbia. Kampuni ya kweli itakutuma mwenyewe ukachukue alama za vidole, ukalete barua ya serikali ya mtaa, wadhamini, cheti cha JKT au mgambo. Inakuchunguza wewe kwanza. Huyo wenu hajauliza hata jina la kijiji.

Na shingo haina kazi yoyote. Bosi wangu mmoja alikuwa analindwa na dada mfupi mwembamba ambaye usingemdhania, nguo za kawaida, pochi begani. Kazi yenyewe ni kufika kabla ya bosi, kujua mlango wa nyuma uko wapi na ufunguo anao nani, gari limeelekea wapi, ukitoka Kisasa mtu ameanguka unampeleka hospitali ya Benjamin Mkapa au General na njia ipi haina foleni muda huo. Ukipigana umeshachelewa. Siku nzuri ya bodigadi ni ile ambayo bosi anakuuliza mbona leo haujafanya kitu. Kwa hiyo huduma ya kwanza uliyosoma ni mtaji kuliko misuli, ongeza leseni ya udereva, pale NIT Dar, chuo cha usafirishaji, wana kozi ya madereva wa viongozi, jifunze kufunga mdomo, anzia kampuni ya ulinzi ya kawaida hata lindo la usiku. Watu wanaoajiri bodigadi wanaulizana wao kwa wao, hawabandiki tangazo.

Dereva wa Noah
Mzee umeandika vizuri ila wale walinzi wa Korea Kaskazini wa 2018 waliokuwa wanakimbia pembeni ya gari la Kim Jong Un na suti, wale walipimwa nini? Mapaja?

Zabibu Tamu
Wale walipimwa pumzi. Chuma cha Kongwa wewe pumzi ipo? Vipimo bado hujaweka.

Chuma cha Kongwa
@Baunsa Mstaafu asante sana kaka mkubwa, nimekusoma neno kwa neno. Hicho ndicho kinachoniuma, hii ni kazi ya heshima, mtu anakukabidhi roho yake na ya watoto wake, halafu mhuni mmoja anaifanya igizo la tepu na suti. Na kilichoniuma zaidi ni ile "andika hiyo" aliyomwambia msaidizi wake. Shingo yangu iko kwenye daftari la mtu sasa hivi!

Dada wa Nkuhungu
Shingo acha, NIDA je? Walichukua namba ya NIDA na dole gumba? Kaka yangu alisajiliwa laini kwa style hiyo hiyo, usaili wa ulinzi, weka kidole hapa "kwa ajili ya mfumo", baadae polisi wanamtafuta kwa utapeli asioujua. Piga *106# wote mliokuwa ukumbini, inakuonyesha namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Na hiyo namba ya kupokelea hela irusheni 15040 ya TCRA, wale mamlaka ya mawasiliano.

Chuma cha Kongwa
Dada mimi sikuweka dole, niliishia kwenye tepu. Ila waliolipa waliwekeshwa wote. Nawapigia sasa hivi.

Kijana wa UDOM
Bora nyie mlipimwa. Sisi tuliitwa "usaili wa afisa usalama wa kampuni ya kimataifa", tumefika tumevaa suti za kuazima, tukakalishwa masaa manne tunaonyeshwa picha za magari na mtu anatuuliza unataka kuajiriwa mpaka lini. Kumbe tununue bidhaa kisha kila mtu alete watu wawili. Mlinzi pekee niliyemuona ni wa getini, na yeye hajalipwa toka mwezi uliopita.

Mpiga Debe Sabasaba
Mimi ni Dubai. Kazi ya sekyuriti, visa milioni tatu na nusu, nimepewa visa ya matembezi naambiwa "utabadilishia huko huko". Nimefika naambiwa bila kozi na leseni ya SIRA, mamlaka ya ulinzi ya huko, hausimami hata mlango wa supamaketi, na aliyenipeleka hapokei simu. Nililala watu kumi na mbili chumba kimoja. Nimerudi na begi lile lile.

Karani wa Zamani
Ndugu zangu, mkataba wa ILO, shirika la kazi duniani, namba 181 wa mwaka 1997, kifungu cha 7, unasema wakala wa ajira asimtoze mfanyakazi ada, si moja kwa moja wala kwa kuzunguka. Na huko Emirates sheria ya kazi ya 2021 inakataza gharama za kuajiri zisibebeshwe mfanyakazi. Uingereza mlinzi wa mtu anayetolewa na kampuni ya ulinzi lazima awe na leseni ya SIA, mamlaka ya ulinzi ya huko, na huruhusiwi hata kuanza kozi bila cheti cha huduma ya kwanza. Nyaraka zipo, msome.

Dereva wa Noah
Mzee karani kifungu cha 7 ukamsomee jamaa wa suti ya bluu, uende na tepu yako.

Mwana wa Chamwino
Tusisahau viwanja jamani. Wanne. Mawe tumeweka, kila mtu kona yake.

Dada wa Nkuhungu
Viwanja tena? Sema wenye nyumba. Toka serikali ianze kuhamia hapa 2016 chumba na sebule unaambiwa kodi ya mwaka mzima, ukisema miezi mitatu mama mwenye nyumba anakuuliza kama wewe ni mwanafunzi. Na Bunge la bajeti likianza Aprili ndo utajua hujui, nimeambiwa nihame nyumba ikodishwe kwa siku!!

Kijana wa UDOM
Dada umegusa penyewe. Na bodaboda, Bunge likikaa elfu inakuwa elfu mbili, ukimuuliza anasema waheshimiwa wapo. Sasa mimi mheshimiwa?

Chuma cha Kongwa
Jamani turudi kwenye mada, nimewapigia wawili, mmoja amekuta laini mbili hazijui kwenye NIDA yake. Tunaenda polisi kesho asubuhi, mliolipa njooni na meseji za muamala msizifute. Na mimi nitaeleza habari ya tepu.

Zabibu Tamu
Polisi watakuuliza vipimo.

Mpiga Debe Sabasaba
@Dada wa Nkuhungu huyo mama mwenye nyumba sio yule wa geti jekundu njia ya kwenda Swaswa? Anayekata maji ukichelewa salamu?

Dada wa Nkuhungu
HUYO HUYO!!! Umepanga kwake?

Mpiga Debe Sabasaba
Nilipanga. Alinihesabia ndoo. Alikuwa na kitabu.

Mwana wa Chamwino
Nilipita hapo pia 😂 aliniambia wageni mwisho saa mbili, mgeni mwenyewe ni mama yangu mzazi ametoka kijijini na kuku wake.

Kijana wa UDOM
Fungueni uzi wake kabisa huyo mama, mimi naanza na lile tozo la balbu ya nje.

Dereva wa Noah
Balbu ya nje ipi, ile isiyowaka?

Dada wa Nkuhungu
Haiwaki toka mwaka juzi, na kila mwezi tunailipia elfu tano.